Kitanda cha Jua cha Mama Paschal

Kaka yangu Abdulkadiri hakubali kitu kimshinde, na watu wakisikia hivyo humsifu. Wanaomsifu hawakai naye banda moja. Mimi nakaa naye, huu mwaka wa kumi na moja, hapa Musoma karibu na soko la Mwigobero. Yeye yuko upande wa kushoto na mafeni yake yaliyofumuliwa, mimi niko upande wa kulia na cherehani yangu, na katikati yetu kuna ukuta wa bati usiofika juu. Kila anachosema nakisikia. Mengi ningependa nisiyasikie.

Ukimpelekea fundi mwingine pasi iliyokufa, atakata waya, ataunga, utaondoka. Ukimletea Abdulkadiri, atakuuliza pasi ilikufa siku gani, saa ngapi, ulikuwa unanyoosha nguo ya namna gani, na kama taa za nyumbani zilififia kidogo kabla haijafa. Majibu yote anayaandika kwenye kauntabuku kubwa yenye jalada gumu. Kila ukurasa ameupigia mistari ukawa na sehemu tatu: dalili, sababu, dawa. Kama sehemu ya sababu iko tupu, chombo hakitoki, hata kama kimeshapona. Nimeshuhudia mteja akiomba feni yake inayozunguka vizuri kabisa, na kaka yangu akimjibu kwamba bado hajajua kwa nini inazunguka.

Alianza zamani. Tulizaliwa Bunda, na baba yetu alikuwa fundi redio. Baba alikuwa na kofi lake maalumu. Redio ikigoma aliipiga ubavuni, ikaimba, mwenyewe akaibeba akaondoka anacheka. Abdulkadiri, mtoto wa miaka minane, alikuwa anamfuata baba akimuuliza kofi limerekebisha nini humo ndani. Baba alimjibu kwamba redio imeimba, sasa anataka nini tena. Nadhani mpaka leo hajaridhika na jibu hilo.

Baadaye aliajiriwa kwenye kiwanda kimoja cha samaki kushika mitambo ya baridi. Kengele ya chumba cha barafu ikawa inalia kila siku, na msimamizi akamwagiza aikate waya watu wafanye kazi kwa amani. Akakataa. Akasema kengele si mgonjwa, mgonjwa ni huyo anayeliliwa. Walibishana wiki nzima, mwisho akarudishwa nyumbani. Akaja bandani kwangu akaomba nimpe kona kwa wiki mbili tu, ajipange. Hizo wiki mbili ndizo hii miaka kumi na moja.

Nimesema haya yote ili lile la kitanda lisikushangaze.

Mwenye kitanda ni Hyasinta, tunayemwita Mama Paschal, mwanamke wa vijiji vya huko rasini anayeuza dagaa Mwigobero. Anawanunua wabichi asubuhi mitumbwi inapofika, anawaanika, anawauza wakavu. Kazi yenyewe inaenda na mwezi: siku za giza wavuvi wanawasha taa zao ziwani na dagaa wanapatikana tele, mwezi ukiwa mkubwa kila mtu anapumzika. Ila mwezi hauna shida. Shida ni masika. Ukianika wakati wa masika, mvua inakukuta dagaa wako nusu wabichi, wanalainika, wanatoa harufu, wanakuwa wekundu. Baada ya hapo mnunuzi ni mmoja tu, mtu wa chakula cha kuku.

Sijapata kuona mtu anayechukia kuku kama Mama Paschal. Hajali hata bei. Anasema yeye amekulia kwenye dagaa, amesomesha watoto kwa dagaa, halafu anaamka alfajiri na kulowa hadi mifupani ili kuku wa mtu fulani wanenepe. Mwaka huu ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa amempata mnunuzi mzuri, matroni wa shule moja ya bweni huko Butiama, anayehitaji dagaa safi wa wanafunzi kila mwezi. Mzigo wa kwanza matroni aliunusa akaurudisha. Wa pili akaurudisha. Akamwambia bila ukali kwamba ataupokea mzigo wa tatu Ijumaa ya mwisho ya giza, na ukiwa kama ile miwili, atatafuta mtu mwingine. Mizigo ile miwili yote ilikwenda kwa kuku.

Mama Paschal akafunga safari ya Mwanza kutafuta friza, ahifadhi dagaa mpaka jua litoke. Katika ua mmoja wa vitu vya mtumba kutoka Ulaya, nyuma ya mafriji na baiskeli, akaona kitu kirefu cheupe chenye mfuniko, kama jeneza la mtu mwenye uwezo. Akauliza ni nini. Muuzaji akamwambia ni mashine ya jua.

Mtu wa sehemu nyingine angeuliza mashine ya jua inafanya kazi gani. Mtu wa Mwigobero haulizi. Kwetu jua lina kazi moja, kukausha dagaa. Mama Paschal alisahau friza palepale, akakipakia kile kitu juu ya Fuso, kikaja kwa barabara ya Bunda kimefunikwa turubai, na yeye ameketi mbele na dereva akimwomba apunguze mwendo kwenye matuta. Wanaume wanne walikiingiza upande wa Abdulkadiri. Kikajaza banda, kikabaki kinjia cha kupitia mtu mmoja, tena mwembamba.

Kaka akatoa kitabu cha maelezo kilichofungwa ubavuni kwa gundi. Kilikuwa cha lugha yenye nukta mbilimbili juu ya herufi. Akakipiga picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa ili simu imtafsirie, na alipofika ukurasa wa tatu akaiweka simu chini. Nikachungulia juu ya bati nikamuuliza kuna nini. Akasema ni kitanda. Wazungu wanalala ndani yake, uchi, dakika ishirini, wanatoka wakiwa weusi kidogo.

Nilicheka mpaka nikaacha kushona. Sisi tunanunua miavuli, tunafunika vichwa kwa khanga, na huko kwao mtu anajifungia kwenye sanduku kulitafuta lilelile tunalolikimbia. Mama Paschal hakucheka. Alizunguka kitanda chake mara moja, akagusa mfuniko, akasema, "Kama inaunguzaga mzungu, dagaa itashindwa?"

Abdulkadiri akafikiri, akasema haoni sababu ya kushindwa. Na hapo ndipo tulipopotea, wote watatu, ila hakuna aliyejua.

Alikiwasha siku hiyo hiyo. Ndani kulikuwa na taa ndefu ishirini na nane, nyingine chini na nyingine kwenye mfuniko, na zote zikawaka rangi ya bluu iliyotufanya tusogee nyuma. Feni zikavuma. Dakika nne tu, kitanda kikapiga kelele, kikazima, na kwenye kidirisha kikaandika E4. Kaka akatabasamu. Namjua kaka yangu, na tabasamu lile nililiogopa kuliko ile kelele. Alikuwa amepata kitu kinachokiri makosa yake chenyewe, kwa namba.

Asubuhi iliyofuata hakuweza kufumbua macho. Alikuwa ameziangalia zile taa mfuniko ukiwa wazi, na macho yakawa mekundu, yanatoa machozi, anasema kama yamejaa mchanga. Kule zahanati nesi alimuuliza kama ni mchomeleaji vyuma. Aliposema hapana, ni kitanda, nesi akaandika dawa bila kuuliza zaidi. Siku mbili alikaa gizani. Ya tatu akaazima kinyago cha Gabriel, jirani yetu anayechomelea mageti, akakivaa, akaketi mbele ya kitanda na kauntabuku mapajani. Watu wa sokoni walikuwa wanapita makusudi kumwona.

Sasa sikiliza balaa. Siku nzima aliyovaa kinyago, E4 haikutokea. Jioni akamrudishia Gabriel kinyago chake. Kesho yake E4 ikarudi, mara sita kabla ya adhuhuri. Akaenda akaazima tena kinyago, E4 ikapotea. Nilimsikia kwa masikio yangu akisoma anachoandika: dalili, E4 inakuja fundi akiwa hana kinyago. Sababu, akaacha wazi. Mtu aliyesoma chuo cha ufundi.

Siku mbili zilikwenda hivyo. Gabriel ndiye aliyetuokoa, kwa hasira zake. Alikuja kudai kinyago akisema, "Mura, wewe kijana, nipe kitu yangu. Ukikaa nayo mimi sichomelei, na mageti ya watu yamelala." Kaka akainua kichwa taratibu. Bila kinyago Gabriel hachomelei. Gabriel akichomelea, umeme wa mstari wetu wote unashuka, hata taa ya cherehani yangu inafifia, nami nimeizoea sisemi. Na simu ilikuwa imetafsiri E4 tangu siku ya kwanza: umeme ni mdogo. Alikuwa ameupima umeme mara kumi, kila mara akiwa amevaa kinyago cha mtu anayeupunguza.

Wakakubaliana Gabriel achomelee asubuhi na kitanda kiwake mchana. Kaka aliandika sababu ya E4 kwa herufi kubwa, akaipigia mstari chini. Mama Paschal aliyekuwa anapita kila siku na mabuti yake ya mvua na beseni kichwani akauliza kama sasa alete dagaa. Akaambiwa asubiri kidogo, kuna E7.

E7 ilikuwa feni kutozunguka. Hiyo niliiona mwenyewe. Taa zile za bluu zikiwaka kuelekea jioni, wadudu wa ziwani walikuwa wanakuja kama wameitwa kwa majina yao. Mnawajua wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi. Waliingia dirishani, wakaingia chini ya bati, wakanyonywa na feni, wakajaza chujio mpaka likawa kama mkeka mweusi. Kaka akasafisha kwa brashi, kesho wakajaa. Akasafisha, wakajaa. Alikipekua kitabu mwanzo hadi mwisho, na kwa vile wenye kitanda hawana ziwa kama letu, hawakuandika neno. Mwisho nikashindwa kuvumilia, nikakata chandarua cha zamani nikakishonea kitanda soksi ya kuvaa kila tundu la hewa. Sikulipwa hata asante. Aliandika: dawa, chandarua.

Halafu ikaja E3, na hiyo ndiyo ilitumaliza. E3 maana yake joto limezidi. Kitanda kilikuwa kinawaka dakika tisa, kinapata moto, kinajizima mpaka kipoe. Tukajaribu na dagaa hivyohivyo, beseni moja, wametandazwa juu ya ile plastiki ngumu wanayolalia watu. Walishikana na plastiki, juu wakakakamaa, chini wakachemka kwenye maji yao wenyewe. Banda lilinuka siku tatu, na mimi nilikuwa na sare za shule za wateja zimetundikwa pale.

Abdulkadiri akatangaza vita na joto. Akafungua ubao wa nyuma. Akaleta feni za mezani mbili za wateja wengine akazielekeza kwenye kitanda. Akaning'iniza magunia yaliyoloweshwa maji. Kila siku alikuwa anakipunguzia joto kidogo, dakika tisa zikawa kumi na moja, kumi na moja zikawa kumi na tatu, naye anashangilia. Nje mvua inanyesha, giza la mwezi linazidi kuisha, na Mama Paschal amekaa kwenye stuli yangu anahesabu siku kwa vidole. Alianza kumjibu kaka kwa mkato. Sikumlaumu.

Ijumaa, zikiwa zimebaki siku saba matroni apokee mzigo, kaka alikwenda msikitini. Mama Paschal alikuwa ameijua saa hiyo. Alikuja na fundi mwingine, Masanja, mtu wa mikono miepesi na maneno mengi, ambaye kila tatizo la umeme duniani analitibu kwa kipande kimoja cha waya. Wenyewe wanaita kupiga dairekti. Kidude cha kupima joto kinasumbua, unakiruka, unaunga moja kwa moja, kazi imekwisha. Alimaliza kabla sijapiga pindo la sketi moja. Ningeweza kumzuia. Nilikuwa nimechoka, nimechoka na kitanda, nimechoka na kaka yangu na sababu zake, na nikainamia cherehani yangu nikajifanya sioni.

Kikawaka. Dakika ishirini, kikawashwa tena, dakika ishirini, hakuna namba, hakuna kelele. Mama Paschal alipiga makofi. Masanja akaaga. Muda si mrefu nikasikia harufu ya plastiki. Nikaruka kule, nikang'oa plagi, lakini ile plastiki ilikuwa imeshapinda kama chapati juu ya kikaango, taa sita zimekufa na ncha zake zimekuwa nyeusi, na dagaa waliokuwa ndani hata kuku nisingewapa.

Kaka aliporudi alisimama mlangoni, kofia bado kichwani. Nilisubiri makelele, nilikuwa nayataka kabisa. Badala yake alikifungua kitanda, akautafuta ule waya wa Masanja, akautoa, akautundika kwenye msumari ukutani. Mama Paschal alikuwa ameketi chini kwenye sakafu, mabuti yake mbele yake. Alisema, "Fundi, mimi nilikuwaga nakuja hapa nakwambia siku zinaisha. Wewe unaandika tu. Ningefanya nini?"

Kaka alimwambia ampe mpaka Jumanne.

Jumamosi hiyo alitoa zile taa sita, akapima ishirini na mbili zilizobaki, akabadilisha nyaya zilizoyeyuka. Jumapili akakiwasha: dakika kumi, E3. Nikamsikia anazunguka, anapima ukuta kwa kamba. Upande wake nyuma ya kitanda kuna ukuta wa tofali, na aliona kwamba hewa ya moto inatoka nyuma, inagonga tofali, inarudi kunyonywa tena na feni zilezile. Suluhisho lake lilikuwa kukigeuza kitanda mgongo wake uelekee huku kwangu, halafu atoboe ukuta wa bati, yaani ukuta wangu, hewa ya moto ije kwangu. Hakuniuliza. Niliona ncha ya mkasi wa bati ikitokea juu ya meza yangu kama jino.

Tuligombana. Nilimwambia yote ya miaka kumi na moja, na ya feni zinazozunguka bila sababu, na ya kengele ya kiwandani, hata la baba nikalitaja. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema tundu ni dogo. Lilikuwa linatosha kupitisha mbuzi. Akawasha, na hewa ya moto ikanipiga usoni. Nikachukua vitu vyangu muhimu nikaenda kukaa kibarazani kwa Gabriel, nikaapa mbele ya mashahidi kwamba sirudi mpaka tundu lizibwe.

Lakini nilikuwa nimesahau kitambaa. Kitambaa cha pamba lazima ukiloweshe kabla ya kukikata, ukikausha ndipo unakata, vinginevyo nguo ikifuliwa inamrudia mtu magotini. Asubuhi nilikuwa nimelowesha vitambaa vya sare, mita nane, na kwa kuwa nje kulikuwa na mvua, nikavitundika ndani kwenye kamba juu ya meza, nikijua vitachukua siku tatu kama kawaida ya masika. Baada ya alasiri nikakumbuka, nikarudi kwa hasira nivihamishe visinuke dagaa.

Vilikuwa vikavu. Vyote, mita nane, hadi kwenye pindo. Nilivishika, nikavinusa, nikaweka shavuni. Mvua bado inapiga bati. Nikasimama pale na kitambaa mkononi na ile hewa ikinipulizia tumboni, na nilihisi kitu kama aibu kabla sijajua ni ya nini. Nikaenda kwenye tundu nikainama.

"Kaka," nikamwita. "Wewe siku zote unapambana na joto. Mama Paschal anataka joto."

Alikuwa amepiga magoti upande wa pili, mita ya kupimia umeme mkononi. Nilimwona uso wake kupitia tundu la bati. Aliangalia kitambaa, akaangalia feni zinazovuma, akaangalia yale magunia yake yaliyoloweshwa, na nikaona anavyozihesabu zile siku moja moja. Nilikuwa nimekusudia kumcheka. Sikuweza.

Alilala na jambo hilo, na Jumatatu asubuhi akaamka mtu wa kazi. Gabriel alichomelea fremu, naam, asubuhi, kwa makubaliano. Mama Paschal alileta nyavu chakavu, tukazitandika juu ya fremu zikawa chanja tano za kupangana, moja juu ya nyingine, zikaingia ndani ya boksi la mbao ambalo mdomo wake uliketi juu ya tundu langu. Kwenye kitanda chenyewe hatukuweka chochote. Kilifungwa mfuniko, kikawa kinajichomea jua lake peke yake humo ndani, na lile joto wenye kitanda walilotaka kulitupa nje ndilo tulilolipokea upande wangu. Kilimaliza dakika ishirini nzima. E3 haikuja.

Mambo yalikuwa mazuri isipokuwa moja. Kila dakika ishirini kitanda kinajizima, ndivyo kilivyoumbwa, mtu asiungue. Nikamwambia kaka hapo basi, hiyo taima aipige dairekti na sisi tupumzike. Akasema taima si kosa, kwa hiyo haina cha kurekebishwa. Kwa hiyo kuanzia Jumanne hadi Alhamisi, mchana wote, kila dakika ishirini niliacha cherehani, nikapita kile kinjia kwa ubavu, nikabonyeza. Nilibonyeza nikiwa nakula. Mama Paschal alikuwa anageuza dagaa kwa mkono, chanja ya chini anaipandisha juu, ya juu anaishusha, na mvua haikukatika hata siku moja. Umeme kililamba kweli, na Mama Paschal alijua hatakiwasha siku ya jua.

Ijumaa alipanda gari la Butiama na magunia mawili. Abdulkadiri alikwenda msikitini, akarudi, akaketi kwenye stuli bila kushika chochote. Sijawahi kumwona kaka yangu mchana ameketi hashiki chochote. Nilimpa chai ikapoa.

Mama Paschal aliingia jioni, amelowa, na magunia matupu yamekunjwa kwapani, nikamwashia kitanda apate ile hewa ya moto. Alitusimulia akiwa wima. Matroni alitumbukiza mkono katikati ya gunia, si juu. Akanusa. Akachukua dagaa mmoja akamvunja, akakatika kwa mlio. Akamuuliza ameanikia wapi na mvua yote hii, akajibiwa kwa fundi. Hakuuliza fundi gani. Aliagiza wapikwe palepale kwa chakula cha mchana, na Mama Paschal akakaa mlango wa jiko mpaka kengele ikapigwa.

"Fundi," alisema. "Watoto wamekula. Nimewaona. Wamerudiaga na sahani."

Akakaa kwenye stuli yangu akalia kidogo, kisha akapangusa uso akauliza kama giza lijalo tunaweza kuongeza chanja ziwe nane. Kaka akasema atapiga hesabu ya hewa kwanza. Nilijua hesabu hiyo itachukua mwezi mzima, na tundu langu halitazibwa tena.

Alipotoka kumsindikiza, niliifungua kauntabuku. Sijui kwa nini, nilitaka tu kuona kama soksi yangu ya chandarua imeandikwa jina langu. Haikuandikwa. Lakini nikafika ukurasa wa E3, ukurasa uliojaa kuliko yote, joto la kila siku limepimwa asubuhi na jioni. Kwenye sehemu ya sababu alikuwa ameandika kwamba hewa ya moto haina pa kutokea, na maneno hayo ni ya kweli, nimeyaona kwa macho yangu. Alikuwa ameyakata kwa mstari mmoja ulionyooka. Chini yake, kwa mwandiko ule mdogo anaoutumia akiwa na hakika, aliandika: Fundi hakumuuliza mwenye mashine anataka nini.

Kitanda kikajizima, dakika ishirini zimeisha. Niliweka kauntabuku mahali pake, nikapita kwa ubavu, na badala ya kubonyeza nikachomoa plagi.